Edita haioni kilichomo kwenye kontena

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Niko Chake Chake, natengeneza kwa PHP mfumo wa nyumba za wageni. Tangu nianze kutumia dipendensi injeksheni, edita yangu, VS Code, hainipendekezei tena majina ya methodi. Nimeifuta na kuiweka upya, nimeongeza ekstensheni, wapi! Kuna mtu ananiuzia leseni ya bei poa ya edita nyengine. Ninunue? Mstari unaoomba risiti kutoka kwenye kontena, lile ghala linalotunza huduma (vipande vya programu), ni huu:

$risiti = $this->kontena->get('risiti');

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usinunue. Na hizo ekstensheni zifute, zinakula memori bure.

Edita yako nzima. Inasoma msimbo bila ya kuuendesha, na hapo inachokiona ni neno 'risiti' ndani ya alama za nukuu, basi. Hata PSR-11, mwafaka wa mwaka 2017 unaofuatwa na kontena nyingi za PHP, unasema get hurejesha mixed, yaani chochote. Ni kama shehena iliyofika bandari ya Malindi na karatasi iliyoandikwa "vitu mbalimbali": atakayekutajia kilichomo kabla haijafunguliwa anabahatisha.

Kinachonichosha kila wiki ni hili: huo mstari mnauita dipendensi injeksheni, na sio. Umeibeba kontena nzima ukaitia ndani ya klasi, halafu unachopoa unachotaka. Injeksheni ni klasi kutangaza mlangoni, yaani kwenye konstrakta, inahitaji nini, ikaletewa:

public function __construct(private Risiti $risiti) {}

Sasa andika $this->risiti-> uone. Ufupisho huu unataka PHP 8.0, ya mwaka 2020. Kama seva yako bado ni 7.4, tangaza propati na aina yake juu ya klasi, kisha ijaze kwenye konstrakta. Ukitaja intafeisi (orodha tu ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) badala ya klasi, utapendekezewa methodi za intafeisi tu. Hiyo sio hitilafu, ndivyo inavyotakiwa. Symfony, fremuweki ya PHP, katika toleo la 4, nalo la 2017, ilizifanya huduma kuwa za faragha tangu mwanzo, yaani huzichukui kwa get moja kwa moja, na tabia hii ya kuchopoa ikawa ngumu.

Pale ambapo get haikwepeki, mara nyingi faili moja la kuanzishia programu, weka ukaguzi wa instanceof, unaohakikisha kitu ni cha klasi gani, mstari unaofuata. Edita inauelewa na PHP inausimamia. Wale wa video za dakika tano watakwambia ubandike @var, maoni ya kutaja aina, juu ya kila mstari. PHP haiyasomi maoni hayo. Siku utakayobadilisha huduma, edita itaendelea kukuonesha methodi za ile ya zamani, na kosa atalikuta mgeni anayelipia chumba.

Siku hizi wamezuka na wa akili mnemba: "weka hii, itakujazia." Itakujazia kweli, mpaka methodi ambayo haipo, maana nayo inakisia kama haijui aina. Na hizo leseni za bei poa mara nyingi ni programu zilizovunjwa. Aliyeivunja hukujui alichokitia ndani, na wewe kwenye kompyuta hiyo hiyo unaweka nywila za benki na data za wateja wa watu. Vijana wangapi wanakuja na mashine imejaa virusi, tatizo lenyewe lilikuwa aina moja haikuandikwa!

Tafuta "->get(" katika folda yako yote, uanze na faili la malipo. Ukimaliza, endesha PHPStan, programu ya kukagua msimbo bila ya kuuendesha, kwa levo ya 9 inayobana mixed, itakuonesha ulizosahau.