Antisera zibaki kwenye jokofu: kwa wahamasishaji wapya wa uchangiaji damu mnaokwenda shuleni

Wiki iliyopita niliketi dawati la nyuma katika darasa la Kidato cha Tatu, nikiwasikiliza wawili kati yenu mkifundisha kwa mara ya kwanza. Mlikuwa mmejiandaa, sauti zenu zilisikika hadi nyuma, na wanafunzi waliwapenda tangu mlipoingia. Kisha, katikati ya mchoro wa makundi ya damu, mmoja wenu aligeuka kutoka ubaoni na kuuliza: "Nani hapa anajua kundi la baba yake?" Mikono minne ilinyooshwa. Nilisimama kabla hajachaguliwa hata mmoja, nikaomba turudi kwenye mzunguko wa damu, na niliona nyusoni mwenu kwamba mlidhani nimewavunjia heshima mbele ya watoto. Sivyo, wadogo zangu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na mnastahili kujua lilikonifikisha. Nitalieleza katika jambo la nne. Mengine ni mafupi, ila nayo huyaona yakirudiwa kila kundi jipya linapopokelewa kituoni.

1. Msianze na picha za ajali. Mtoto aliyetishwa huondoka na hofu na kuliacha somo darasani, na hakuna darasa lisilo na mtoto aliyefiwa na mtu barabarani. Anzeni na mwili wake mwenyewe: ashike mshipa wa mkono, ahesabu mapigo kwa dakika moja, kisha mwelezeni kwamba chembe nyekundu zinazopita chini ya kidole chake zilitengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi siku 120 hivi, kwamba mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na kwamba mfuko wa mchangiaji hupokea mililita 450. Mwacheni atoe hesabu mwenyewe. Hesabu aliyoifanya kwa kalamu yake ataiamini kuliko maneno yetu.

2. Fundisheni kwa Kiswahili, hata sekondari. Wanafunzi hawa wamesoma damu kwa Kiingereza na wanaweza kukariri kila kitu, lakini tunawahitaji wakaeleze nyumbani jioni, na nyumbani hakuna mtihani wa Kiingereza. Msichana mmoja aliwahi kunitajia kazi za chembe sahani bila kukosea neno. Nikamwomba anieleze tena kana kwamba mimi ni bibi yake niliyejikata kidole nikimenya mihogo. Alinyamaza, akafikiri, kisha akasema: "Bibi, ndani ya damu kuna mafundi wadogo wa kuziba pancha." Darasa zima lilicheka na kupiga makofi, nami tangu siku hiyo sijapata maelezo yaliyo bora zaidi.

3. Mtaulizwa kuhusu mumiani. Wataliuliza kwa kicheko, ila msicheke pamoja nao na kupita, kwa sababu anayeuliza amelala katika nyumba ambayo bibi na babu walikua wakiogopa. Tangu enzi za ukoloni, kuanzia pwani hadi bara, watu waliambizana kwamba wako wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, na sehemu nyingine hata wazimamoto walishukiwa. Sasa jiangalieni: gari geni limeingia, watu wenye makoti meupe wameshuka na sindano, na jioni wanaondoka na masanduku yenye damu. Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Dawa yake ni kumwonyesha njia nzima ambayo mfuko hupita: kwamba hupewa namba, si jina, kwamba sampuli hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kwamba chembe nyekundu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6 kwa muda usiozidi siku 35, na chembe sahani hukaa siku 5 tu, na kwamba mwisho wa njia yuko mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, au mtoto wa miaka miwili ambaye malaria imemmaliza damu, au mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu ambao kila mwaka takriban watoto 11,000 huzaliwa nao Tanzania. Mtoto akisema kwamba mjomba wake alidaiwa fedha ili apate damu, msibishane naye. Andikeni alichosema, mkilete kwa mkuu wa kituo.

Baada ya mumiani huja swali ambalo sijawahi kulikosa: je, mshabiki wa Simba akiongezewa damu ya mshabiki wa Yanga, atahama timu? Jibuni kwa uchangamfu, lakini sikilizeni kilichomo ndani yake. Mtoto huyo anauliza kama damu hubeba mtu. Na katika lugha yetu humbeba kweli: tunasema ndugu wa damu, tunasema damu nzito kuliko maji, tunasema damu zetu zimepatana. Kabla damu haijawa kitu cha kupimwa maabara, kwetu ilikuwa ni ukoo. Hilo ndilo nililolisahau.

4. Makundi ya damu yafundisheni, ila msiulize kuhusu wazazi, na msimpime mtoto mbele ya wenzake.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikwenda katika shule moja ya kutwa na somo nililokuwa nimelitunga kwa wiki mbili. Nilianza na Karl Landsteiner, ambaye mwaka 1901 huko Vienna alieleza kwamba damu za watu hazifanani, na ambaye siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo tunayoadhimisha Siku ya Wachangia Damu Duniani. Kisha nikatoa vigae vyeupe na antisera, yaani vimiminika vinavyofanya damu ya kundi husika ishikane: A ya buluu na B ya njano, nikawachoma vidole wanafunzi wa Kidato cha Nne waliojitolea, na darasa likasogea karibu kuona ni tone lipi litashikana vidonge vidonge na lipi litatulia. Mwishoni nilichora jedwali la urithi na kuuliza swali lile.

Kijana mmoja alisimama kwa furaha. Baba yake, fundi baiskeli, alikuwa mchangiaji wetu wa miaka mingi, na kadi yake ya kundi AB ilikuwa imetundikwa sebuleni karibu na picha ya harusi. Kigae cha kijana huyo kilikuwa kimesomeka O dakika chache kabla. Ningeweza kumshukuru na kuendelea. Badala yake niliona mfano mzuri wa somo langu, na nikamwambia mbele ya wenzake arobaini: "Baba wa AB hawezi kuzaa mtoto wa O. Nenda kaulize vizuri nyumbani." Wachache walicheka, naye akatabasamu kwa sababu alikuwa bado hajaelewa. Alielewa alipoketi. Nilimwona akinakili jedwali, kalamu ikirudia herufi ileile mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na kengele ilipolia nilifunga begi langu nikaondoka.

Aliuliza nyumbani kama nilivyomwagiza. Siku ya nne baba yake alifika kituoni akiwa amevaa shati la kwendea kanisani, akaweka kadi yake mezani, akasema kwamba mkewe amerudi kwao. Hakupaza sauti. Tulimpima, akatoka AB. Akamwita mwanawe aliyekuwa amesimama nje chini ya mwembe, tukampima maabara kwa antisera zilizotoka kwenye jokofu, sambamba na damu ambazo makundi yake yalijulikana. Akatoka B. Tulirudia mara mbili, ikawa B.

Antisera zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zangu zilikuwa zimezunguka nami kwenye begi kwa siku tatu katika joto la Oktoba, na sikuwa nimezijaribu kwa damu yoyote yenye kundi linalojulikana kabla ya kuwachoma watoto wa watu. Ile ya B ilikuwa imekufa, hivyo damu ya B haikushikana na ikasomeka O. Siku ile darasani hakupatikana hata mwanafunzi mmoja wa kundi B wala AB, jambo ambalo mtu wa maabara alipaswa kulishtukia papo hapo, na mimi sikushtuka kwa sababu nilikuwa nikifurahia jinsi somo linavyokwenda.

Nilimweleza baba yule kila kitu, na alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Sista, wakati ule darasani ulikuwa na hakika kiasi gani?" Nilikuwa na hakika yote, na nilimwambia hivyo, kwa sababu alistahili ukweli. Siku iliyofuata mimi na mkuu wangu tulikwenda kwa wakwe zake. Mama wa kijana alitukaribisha, akatuletea vigoda, akasikiliza maelezo yetu bila kutukatiza, na baada ya wiki moja alirejea kwake. Yaliyosemwa kati yao siku zile si yangu kuyajua. Kijana alifanya mtihani wake Novemba. Baba yake hakurudi tena kuchangia, na kwa miaka kadhaa, kila ilipotimia miezi mitatu mingine, nilijikuta nikitazama mlangoni.

Msijifariji kwamba kosa lilikuwa la antisera. Kama kipimo kingekuwa sahihi ningefanya ubaya mkubwa zaidi, maana wako watoto wanaolelewa na baba wa kambo wakijua ni baba mzazi, ziko siri ambazo wazazi wamekubaliana kuzitunza, na zipo pia hali nadra za urithi ambazo jedwali la ubaoni halizionyeshi. Mnapofundisha urithi, tungeni familia ya ubaoni, Baba Juma na Mama Juma, mwape makundi mnayotaka. Mtoto akijitolea mwenyewe kutaja makundi ya kwao, mshukuruni na mwendelee. Akiwafuata baada ya kipindi, mwambieni aje kituoni na mzazi wake.

5. Umri ni miaka 18 hadi 65, na uzito usipungue kilo 50. Kijana wa miaka 17 atawaapia kwamba amezaliwa mwaka mwingine, na mtampenda kwa kuapa huko, lakini mkataeni. Mpeni kazi ya kumleta shangazi yake. Waliotimiza umri wale chakula na wanywe maji kabla ya kupanga foleni.

Meza ya kopa salfeti, maji ya buluu ya kupimia wingi wa damu, iwekeni mahali ambapo foleni haioni. Tone la damu lenye wingi wa kutosha, yaani gramu 12.5 za himoglobini (protini yenye chuma ndani ya chembe nyekundu) kwa desilita au zaidi, huzama katika maji yale ya buluu, na tone hafifu husitasita au huelea, na mara nyingi tone linaloelea ni la msichana, kwa sababu kila mwezi hupoteza madini ya chuma ambayo chakula cha bweni hakiyarudishi. Wiki iliyopita niliona msichana akiambiwa "damu yako haifai" huku wenzake wakimsikia. Damu yake inamfaa yeye, na anaihitaji yote. Mwambieni hivyo kwa sauti ya chini, mwelezeni kuhusu dagaa, maharage na mchicha vikiliwa pamoja na chungwa au ndimu, na kwamba chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, kisha mwandikieni aende kituo cha afya. Nimewahi kumwona msichana aliyeambiwa vizuri akirudi baada ya miezi minane kutuonyesha tone lake likizama.

6. Rudini shuleni, hata pasipo na mifuko ya kujaza. Benki zetu za damu hutegemea sana wanafunzi, na ndiyo sababu likizo ya Desemba hutukuta na rafu tupu wakati mvua zimeshaanza na wodi za watoto zinajaa. Huko Zimbabwe, mwaka 1989, wanafunzi wa sekondari waliwekeana ahadi ya kuchangia damu mara 25 kabla ya kutimiza miaka 25, na ahadi hiyo ikazaa klabu katika nchi nyingi. Ahadi ya namna hiyo hudumu pale tu mtoto anapomwona tena mtu aliyemwahidi. Shule mliyoifundisha wiki iliyopita ina wanafunzi kumi na wanane wa Kidato cha Sita waliotimiza umri, na mmoja alinifuata getini kuuliza mtarudi lini. Nilimtajia Jumanne. Gari litaondoka saa moja na nusu asubuhi. Chukueni mizani, chati ya mzunguko wa damu, fomu na biskuti. Vigae na antisera vibaki hapa kwenye jokofu la maabara. Ufunguo nitakuwa nao mimi.