Jibu: Kupima gome la olkiloriti maabara kama linapunguza uvimbe

Mkuu uliyeuliza kama upeleke unga wako wa olkiloriti maabara, ili ukirudi uandike kwenye kopo "imethibitishwa kuondoa sumu na uvimbe": peleka, ila maneno hayo usiyaandike bado. Nafanya kazi ya maabara hapa Arusha na magome ya aina hii yamepita sana mikononi mwangu.

Anza na jina. Olkiloriti ya supu ya Wamaasai ni Acacia nilotica, siku hizi wataalamu wanaiita Vachellia nilotica, lakini sokoni unaweza kuuziwa gome la mgunga wowote. Kata tawi lenye majani, maua na maganda ya mbegu, ulipeleke hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambako wataalamu hutambua majina yake, iko hapa hapa Ngaramtoni, kwenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, ile iliyokuwa TPRI.

Kipimo cha kwanza utakachopewa ni DPPH. Hii ni kemikali ya zambarau. Ikikutana na antioksidanti, yaani kitu kinachozima chembe haribifu, inageuka njano. Tunachanganya, tunaweka gizani nusu saa, tunasoma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi, kwa mwanga wa nanomita 517, pembeni ipo vitamini C ya kulinganishia. Olkiloriti imejaa tanini, ile kemikali ya mimea inayokaza ulimi, kwa hiyo zambarau inapotea huku unaiona. Wateja hufurahi sana hapo! Lakini majani ya chai nayo hufanya hivyo, na karibu kila gome linalokaza ulimi. Kwenye majibu tafuta IC50, yaani kiasi kinachozima nusu ya DPPH. Ikiwa ndogo ndiyo kali. Uliza pia kama waliondoa rangi ya dawa yenyewe kwenye hesabu, maana maji ya gome hili ni mekundu na yanavuruga usomaji.

Kwenye uvimbe ndiko pagumu. Kipimo cha bei nafuu hutumia albumini, ile protini ya ute wa yai. Inapashwa moto hadi inaharibika na kuwa na ukungu. Dawa ikizuia ukungu, inahesabiwa kuwa na dalili ya kupunguza uvimbe, ikilinganishwa na diklofenaki, dawa ya hospitali ya maumivu na uvimbe. Sasa tanini hushikana na protini, ndiyo maana mti huu hutumika hata kutengenezea ngozi. Inaweza kuigandisha albumini kabla moto haujawashwa, na namba utakayopewa isihusiane kabisa na goti la mtu lililovimba. Kwa gome la namna hii kipimo hicho peke yake mimi sikiamini. Afadhali seli za makrofaji, yaani seli za kinga ya mwili, zinazochokozwa kwa LPS, kemikali itokayo kwenye ganda la bakteria, kisha inapimwa nitriki oksaidi zinayotoa, ambayo ni dalili ya uvimbe, au panya waliovimbishwa mguu kwa sindano ya karajinani, kitu kitokacho kwenye mwani. Vyote ni ghali, na cha panya kinahitaji kibali cha maadili, kwa hiyo tafuta mtafiti wa kushirikiana naye. Jaribu kubisha hodi chuo cha sayansi cha Nelson Mandela pale Tengeru.

Halafu hili wengi hawaliulizi: maabara nyingi hukamua dawa kwa methanoli, aina ya alkoholi isiyonyweka, na wateja wako wanachemsha kwa maji. Vinavyotoka si sawa. Sisitiza ipimwe kama inavyonywewa, na kipimo cha sumu kwenye ini na figo kiwemo. Usajili wenyewe ni wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Karatasi ya DPPH haisajili dawa.

Andika hapa unachemsha gome kiasi gani, kwa maji kiasi gani na kwa muda gani, nikusaidie kuandaa maelezo ya kuwapa maabara.