Maswali ya Wasomaji: Fedha na Misimu ya Kampuni za Maigizo za Marekani

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba katika miji mingi ya Marekani, mbali na New York, zipo kampuni za maigizo zinazowalipa waigizaji wao mishahara, ilhali zimesajiliwa kama mashirika yasiyo ya faida. Fedha zikibaki huenda wapi? Na kwa nini huuza tiketi za msimu mzima hata kabla mazoezi hayajaanza?

JIBU: Kulipa mishahara hakupingani na kutotafuta faida. Kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani hakilikatazi shirika kubakiwa na fedha mwisho wa mwaka. Kinachokatazwa ni kuwagawia fedha hizo waanzilishi, wajumbe wa bodi au mtu mwingine yeyote kana kwamba ni wanahisa. Salio hubaki ndani ya kampuni, likalipia mchezo ujao au ukarabati wa jumba. Waigizaji hulipwa kwa mkataba, na kampuni nyingi kubwa zimo katika umoja wa League of Resident Theatres, ulioundwa mwaka 1966, ambao hujadiliana viwango vya malipo na chama cha waigizaji, Actors' Equity.

Suala la tiketi za msimu ndilo zito zaidi. Mwaka 1947 Margo Jones, mmoja wa waanzilishi wa kampuni za namna hii nje ya New York, alifungua kampuni yake Dallas, akiwa na nia ya kuonyesha tamthilia mpya pamoja na zile za kale zilizothibitika ubora wake. Mwaka 1950 Zelda Fichandler na wenzake walianzisha Arena Stage mjini Washington, katika jumba la zamani la sinema lenye viti 247, watazamaji wakikaa pande zote nne za jukwaa. Kwa ukumbi mdogo kiasi hicho, hata ukijaa kila usiku, mapato ya mlangoni yana kikomo, lakini seremala, fundi mitambo na mwigizaji wanadai haki yao ileile.

Tiketi ya msimu huleta fedha mapema, kabla gharama hazijaanza. Mnunuzi hulipia michezo mitano au sita kwa pamoja, mara nyingi akihifadhiwa kiti kilekile na siku ileile ya juma kwa kila mchezo. Kwa maoni yangu, thamani yake kubwa haimo katika fedha. Mtu aliyekwisha kulipia msimu atakuja kutazama hata tamthilia ya mwandishi asiyemfahamu, ambayo pengine asingeinunulia tiketi peke yake, na hivyo mkurugenzi wa sanaa hupata uthubutu wa kuiweka katikati ya michezo inayopendwa. Wanunuzi hao wakipungua, kila mchezo hulazimika kujitafutia watazamaji wake, na kazi ya mwandishi mchanga ndiyo huwa ya kwanza kuachwa. Hata hivyo, tiketi peke yake hazitoshi. Pengo huzibwa na michango, ruzuku na wafadhili.

SWALI: Mchezo wa kampuni kama hiyo ukihamia Broadway, yaani kwenye majumba makubwa ya maigizo ya kibiashara ya New York, nani hufaidika?

JIBU: Hutegemea mkataba. Mwaka 1967 Arena Stage ilikuwa ya kwanza kuonyesha The Great White Hope, tamthilia ya Howard Sackler, James Earl Jones akiwa mhusika mkuu. Mwaka uliofuata ilihamia Broadway ikavuma sana, lakini Arena, iliyobeba gharama na hatari ya kuizindua, haikuwa na mgao katika mapato hayo. Tangu hapo kampuni zimejifunza kuandika mapema asilimia zitakayolipwa mchezo ukichukuliwa na watayarishaji wa kibiashara. Naliona hilo kuwa jambo la haki kabisa, kwa kuwa mtaji wa mwanzo ulitoka kwa wachangiaji na wanunuzi wa tiketi za msimu, ambao kisheria hawawezi kudai hata senti moja kwa niaba yao wenyewe.