Biashara imekufa? Msome Hannibal baada ya Zama

Wengi wakisikia Hannibal, jemadari wa zamani wa mji wa Carthage kule Afrika Kaskazini, wanakimbilia tembo, na ni kweli mwaka 218 KK alivuka milima ya Alps na tembo 37 akawafuata Warumi kwao, halafu 216 KK pale Cannae akawaacha wasukume katikati mpaka wakajikuta wamezungukwa pande zote. Mi pia nilikuwa nampendea hayo. Ila duka langu la vifaa vya ujenzi lilipokufa, nikabaki na mkopo wa benki na deni la simenti, kilichonisaidia ni yale aliyofanya baada ya kupigwa.

Maana alipigwa kweli. 202 KK, Zama, hukohuko Afrika kwao, ambako leo ni Tunisia, jemadari wa Kirumi Scipio akamshinda, na Carthage wakabebeshwa fidia ya vita ya talanta 10,000 (talanta ni kipimo cha uzito cha zamani) za madini ya fedha, walipe kwa miaka 50. Yaani deni la mpaka wajukuu.

Sasa angalia. 196 KK akachaguliwa sufeti, ndo cheo cha juu pale mjini, akaitisha mahesabu. Akakuta ushuru wa bandarini na mashambani unaliwa na wakubwa wenyewe, na haohao wanataka wananchi waongezewe kodi ili Roma ilipwe! Akawaambia zirudi zilizoibiwa, fidia italipika bila kumkamua raia. Na wale majaji waliokuwa wanakalia kiti maisha, akapitisha sheria wachaguliwe kila mwaka.

Kwahiyo ndugu yangu kabla hujakopa tena ili ufufue biashara, kaa na daftari kwanza. Mi nilijifungia siku nne na risiti zangu, nikaona kumbe sio ushindani uliniua kama nilivyokuwa nawaambia watu, ni vitu vilivyokuwa vinatoka bila kuandikwa, misumari kilo mbili kwa jirani, bati za "ntakulipa mwisho wa mwezi", na mtu wa damu yangu niliyemwamini kaunta alikuwa anachukua elfu kumi leo, elfu kumi kesho. Andika kila kinachotoka, hata cha mama yako, na anayepokea hela asiwe huyohuyo anayehesabu mzigo.

Na jiandae, utachukiwa. Waliokatiwa mrija na Hannibal ndo waliomchongea Roma, 195 KK akatoroka, akahangaika ugenini miaka mpaka akanywa sumu huko Bithynia, ambako leo ni Uturuki, ili Warumi wasimpate mzima. Hapo huwa naumia kila nikisoma. Mimi na yule ndugu tunasalimiana misibani tu, na bado namwombea.

Lakini 191 KK, miaka minne tu tangu aondoke, Carthage wakawafuata Warumi wanataka kulipa fidia yote iliyobaki kwa mkupuo, Warumi wakakataa. Deni langu la simenti nililimaliza mwezi wa tisa, na msambazaji akanishushia mifuko hamsini nianze upya.