Maswali na Majibu ya Afya: Pumzi ya Usiku

Safari hii barua zenu nyingi zinazunguka jambo moja: usingizi wa mang'amung'amu. Nimechagua zile zinazogusa upumuaji, kwa sababu hapo naona watu wakihangaika bure kwa mambo madogo huku hatari ya kweli ikipuuzwa. Mazoezi ya pumzi yanasaidia, nami nayahimiza kwa moyo wote. Ila yasitumike kumchelewesha mtu ambaye alistahili kuwa hospitalini.

Shikamoo daktari. Nikipanda kitandani mawazo yananijia kwa fujo na moyo unadunda. Rafiki aliniambia nivute hewa nyingi kadiri niwezavyo. Nikifanya hivyo napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi. Nakosea wapi? – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Marahaba mwanangu. Unakosea kwenye kuvuta. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na akiwa mzima damu yake tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Ukivuta kwa nguvu na kwa haraka huongezi chochote cha maana. Unaifukuza kabonidayoksaidi kupita kiasi. Gesi hiyo ikipungua mwilini, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Kizunguzungu chako kinatoka hapo, na ganzi ya vidole pia.

Utulivu uko kwenye kutoa pumzi. Moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta na kuupunguza unapotoa, na anayeushika breki ni neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Basi refusha kutoa. Lala, weka mkono juu ya kitovu, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo liinuke lenyewe na mabega yakae kimya. Toa kwa pua ukihesabu hadi 6. Ukihesabu sekunde kwa sekunde, hapo unapumua mara 6 kwa dakika. Dakika 10 zinatosha. Ukisikia unakosa hewa, usijilazimishe. Anza na 3 kwa 4, utapanda polepole. Na usingoje usiku tu: fanya pia mchana, ukiwa na utulivu, ili mwili uwe umeshazoea siku utakapouhitaji ukiwa na hofu.

Nasisitiza pua kwa sababu huchuja vumbi na huipa hewa joto na unyevu kabla haijafika mapafuni. Pia kwenye mashimo ya mifupa yanayoizunguka pua hutengenezwa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo husaidia mishipa ya damu ya mapafu kutanuka. Ukipumua kwa mdomo sehemu kubwa ya faida hizo unaikosa.

Mume wangu anaendesha lori kati ya Mombasa na Kampala. Akiwa nyumbani anakoroma hadi watoto wanaamka chumba cha pili. Kinachonitisha si sauti, ni pale anaponyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Mchana anasinzia hata mezani. Yeye anasema kukoroma ni dalili ya usingizi mtamu. – Mama wa watoto watatu, Mombasa

Dada, ulichokisikia ndicho daktari angetaka kukisikia. Kukoroma peke yake mara nyingi si ugonjwa. Kukoroma, kunyamaza, kisha kushtuka, tena na mchana mtu hana macho, hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, oksijeni hushuka, ubongo hupiga kelele ya hatari na kumwamsha nusu nusu bila yeye kujua. Kila mkatiko unaodumu sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mikatiko 5 kwa saa kwa mtu mzima tayari ni tatizo. Ikifika 30 ni hali kali. Mtu wa namna hiyo analala kwa muda wa saa nane na kuamka amechoka, maana hakuachwa alale.

Mwache hivyo, na presha hupanda, moyo huchoka, hatari ya kiharusi huongezeka. Lakini kwa mumeo ninachokiogopa kwanza ni barabara. Dereva anayesinzia mezani atasinzia kwenye usukani. Mwambie hivyo waziwazi, na asiende safari akiwa katika hali hiyo kabla hajaonwa na daktari.

Mrekodi kwa simu akiwa amelala, dakika chache tu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu, na msikilizishe daktari hiyo rekodi. Ataulizwa uzito na presha, atapimwa shingo, na ikiwezekana atafanyiwa kipimo cha usingizi. Tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe. Ilibuniwa Australia na Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981, na hadi leo kwa hali kali haijapata mpinzani. Gharama yake ni kubwa, najua, ndiyo maana nawasihi watu waende mapema.

Kwa sasa: alale ubavu, si chali. Pombe aiache, hasa jioni, na vidonge vya usingizi asiviguse, kwa kuwa vyote hulegeza koo. Kama uzito umezidi, kupunguza hata sehemu ya kumi yake huleta nafuu inayopimika.

Mazoezi je? Yapo, na yana ushahidi. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliwachukua wagonjwa 25, wakawafundisha baadhi yao kupuliza dijeridu, lile bomba refu la mti la wenyeji wa Australia. Baada ya miezi minne waliopuliza walipungukiwa kusinzia mchana, na mikatiko yao ikapungua. Bomba hilo hupulizwa bila sauti kukatika, hewa ikivutwa kwa pua huku mashavu yakisukuma nje, ufundi ambao wapiga zumari wa pwani yetu wanaujua vizuri. Mazoezi hayo huimarisha misuli ya koo. Lakini ni msaada wa hali nyepesi na ya wastani, hayachukui nafasi ya mashine.

Nimeona video za watu wanabandika plasta mdomoni wakilala ili wapumue kwa pua. Nijaribu? – Kijana, Nairobi

Hapana. Anayelala mdomo wazi mara nyingi ana sababu: pua imeziba, au koo linaziba. Ukiufunga mdomo bila kuijua sababu, umeifunga njia ya akiba. Tibu pua, mdomo utajifunga wenyewe.

Mwanangu ana miaka mitano. Analala mdomo wazi, anakoroma, amerudia kukojoa kitandani, na mwalimu analalamika kwamba hatulii darasani. Bibi yake anataka akatwe kimeo. – Mama, Morogoro

Msihi bibi, kwa heshima zote, na mtoto asikatwe kimeo. Nimeona damu isiyokatika na maambukizi yaliyoingia hadi shingoni kwa watoto waliokatwa na wembe nyumbani. Na kimeo hakina kosa hapa.

Dalili ulizozitaja zinaelekea kwenye nyama za pua, na pengine mafindofindo makubwa. Nyama hizo zipo kwa kila mtoto nyuma ya pua, na kwa kawaida husinyaa akikua. Zikivimba sana katika umri huu, mtoto hapumui vizuri usiku, usingizi wake unakatikakatika, na mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima: anakuwa mtundu, analia ovyo, hashiki masomo. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na hayo hayo. Angalia pia kama anasikia vizuri, maana nyama za pua zinaweza kuziba njia ya hewa ya sikio. Nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Wengine hupona kwa dawa ya kupuliza puani, wengine huhitaji upasuaji, ambao madaktari hao wanaufanya mara kwa mara. Kabla ya hapo usimkemee kwa utundu wala kwa kitanda.

Jinamizi linanikaba. Naamka, macho yanaona chumba, lakini siwezi kuinua hata kidole, na kifua kinabanwa siwezi kupumua. Ni majini? – Bi. mmoja, Tanga

Pole sana Bi. mkubwa. Dua yako soma, inakupa utulivu na siigusi. Lakini sikiliza pia mwili unavyofanya kazi. Wakati wa ndoto ubongo huzima misuli ili usirushe mikono na miguu. Kinachobaki kazini ni macho na kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu. Siku nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Unapumua bado, ila kwa kiwambo, na ukitaka kuvuta pumzi kubwa kwa hofu, kifua hakikuitikii. Ndipo unapodhani unakabwa. Kati ya watu 100, karibu 8 wameshapatwa na hali hii angalau mara moja.

Huja zaidi kwa anayelala chali na kwa aliyekosa usingizi siku kadhaa. Likija, usipigane nalo. Acha pumzi iende yenyewe, taratibu, na jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Litaachia. Likizidi mara kwa mara, na mchana unaangukiwa na usingizi ghafla, muone daktari.

Bila dawa ya matone puani silali. Nimeitumia miezi sasa. – Msomaji, Muscat

Dawa za kuzibua pua haraka si za kuzidisha siku tatu hadi tano. Ukizidisha, pua huziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, nawe unaongeza tone. Zungumza na daktari akusaidie kuiacha na akupe nyingine ya kutibu mzio. Suuza pua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyasukume ndani ya pua. Fua mashuka kwa maji moto kila wiki, maana vijidudu vya vumbi hukaa hapo.

Huku Makete baridi ni kali. Tunalala na jiko la mkaa ndani, lakini tunangoja mkaa uive kabisa, usiwe na moshi. Ni salama? – Baba wa familia

Si salama hata kidogo, ndugu yangu. Mkaa ulioiva hautoi moshi lakini unatoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta akiwa usingizini haamki kukohoa, anazidi kulala. Familia nzima hupotea kwa usiku mmoja. Zoezi la pumzi halina maana ndani ya chumba hicho.

Ota moto jioni nje au penye upenyo mkubwa, kisha jiko litoke kabla ya mtu yeyote kufumba macho. Ongezeni blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri kwa watoto. Na mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa, mnahisi kutapika na miguu haina nguvu, msitafute dawa ya malaria kwanza: fungueni milango, tokeni wote nje, na nendeni hospitali mkapewe oksijeni.