Muulize Mwalimu: Karatasi Yangu Ilipelekwa Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaongoza kikundi cha kusoma Biblia. Mwezi uliopita tulitembelewa na mzee mmoja Myahudi. Nilikuwa nimeliandika Jina la Mungu kwenye karatasi kubwa ya ukutani, zile herufi nne za Kiebrania (YHWH), na kila tulipolifikia nililitamka kwa sauti. Mzee yule akawa anainamisha macho. Tulipomaliza nikaibandua karatasi ili niitupe, akaniomba nimpe yeye. Akaikunja polepole, akaiweka ndani ya koti, akaondoka nayo. Jambo hili halijanitoka moyoni. Aliipeleka wapi? Na kwa nini wanaliogopa jina lililojaa katika vitabu vyao wenyewe? Na hilo "Yehova" limetoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karatasi yako imezikwa, au ipo mahali inasubiri kuzikwa.

Sheria ya Kiyahudi inakataza kulifuta au kuliharibu Jina la Mungu likishaandikwa. Chimbuko lake ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 12. Pale Waisraeli wanaamriwa wayafute majina ya miungu ya mataifa, kisha wanaonywa wasimfanyie hivyo BWANA, Mungu wao. Maimonides, yule tabibu na mwanasheria mkubwa wa karne ya 12, ameyataja majina saba yasiyofutika. Sifa kama "Mwenye rehema" hazimo katika hesabu hiyo. Ukizifuta huna kosa. Lakini Jina likiwa limechongwa kwenye chombo, anasema, ikatwe sehemu ile na ihifadhiwe.

Kwa hiyo kitabu cha sala kikichakaa, au karatasi kama yako ikimaliza kazi, haitupwi jalalani. Huwekwa katika hazina ya sinagogi iitwayo geniza, na baadaye huzikwa makaburini. Geniza iliyojulikana kuliko zote ilikuwa katika sinagogi ya Ben Ezra, Cairo ya zamani. Kwa karne nyingi watu wa pale walitumbukiza humo kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania: mikataba ya ndoa, hati za madeni, barua za wafanyabiashara waliovuka Bahari ya Hindi, hata makaratasi ya watoto waliokuwa wakijifunza herufi. Solomon Schechter, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipoifikia katika majira ya baridi ya 1896 kuingia 1897, aliondoka na shehena iliyo Cambridge hadi leo, vipande karibu 193,000. Kuna na mwandiko wa Maimonides kwa mkono wake mwenyewe. Kila nikifikiria hilo moyo wangu hujaa. Tunayajua maisha ya watu wale, bei zao, ugomvi wao na mapenzi yao, kwa kuwa waliona vibaya kulitupa Jina.

Sasa hilo neno lako, "wanaliogopa". Mimi pia nililisema. Nilipokuwa kijana nilijifunza Kiebrania Yerusalemu kwa mzee mmoja Myahudi. Siku ya kwanza nilisoma aya kwa majigambo, nikalitamka Jina kama nilivyolikuta katika kitabu cha sarufi. Mzee hakunikemea. Aliweka kiganja juu ya ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akaisoma aya ile ile yeye mwenyewe, na pale penye herufi nne akasema "Adonai", yaani Bwana wangu. Nikamuuliza kama anaogopa. Akaniuliza, "Baba yako unamwita kwa jina?" Baadaye nilikuta kwamba hakulibuni jibu lile. Sheria yao inakataza mtoto kumwita baba yake kwa jina, awe hai au amekufa.

Ndiyo maana naomba uliache neno "kuogopa", ushike neno "adabu". Jina limeandikwa katika Biblia ya Kiebrania zaidi ya mara 6,800, na wanalisoma kila siku kwa macho. Mdomo ndio unaosema Adonai wakati wa sala, na HaShem, yaani "lile Jina", katika mazungumzo. Hata Elohim, yaani Mungu, nje ya sala, wengi huligeuza likawa Elokim. Na kwa kuwa Kiebrania huandika tarakimu kwa herufi, 15 kwa kawaida ingekuwa 10 na 5; lakini herufi hizo mbili ni mwanzo wa Jina, kwa hiyo wanaandika 9 na 6.

Kulitamka kulikuwako. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa bado limesimama, kuhani mkuu alilitamka mara kumi katika Siku ya Upatanisho, na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia kwamba makuhani na watu waliokuwa uani walipolisikia walipiga magoti na kuanguka kifudifudi. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na mahali pa kulitamkia pakaondoka nalo.

Ungemwona mwandishi wa Torati kazini usingeuliza habari ya woga. Gombo lina herufi 304,805, zote kwa mkono, kwa wino juu ya ngozi. Kila akilifikia Jina hutamka kwanza kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake. Akiwa katikati ya Jina, hata mfalme akimsalimu hajibu. Neno jingine akikosea hulikwangua, akaandika upya. Akikosea kwa kuandika Jina mahali pasipo pake, haruhusiwi kulikwangua, na mara nyingi ngozi yote ile huwekwa kando, kazi ya siku nyingi.

Na bado kuna mahali pamoja Torati yenyewe inaamuru lifutwe. Katika Hesabu sura ya 5, mume akimshuku mkewe, kuhani aliandika maneno ya kiapo, Jina likiwemo, kisha akayaosha katika maji. Walimu wa Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya sheria yao, wanasema Mungu alikubali Jina lake lifutike ili amani irudi kati ya mume na mke. Kwangu hakuna fundisho lao zuri kuliko hili.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kuhusu "Yehova". Kwa ufupi: wanazuoni wa Tiberia, walioweka alama za irabu katika maandiko, walizipa herufi zile nne irabu za Adonai, kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Wakristo wa baadaye wakazisoma pamoja, likatoka hilo. Anayesali kwa jina hilo kwa moyo safi simlaumu.

Na kama una madaftari ya Kiswahili yenye jina la Mungu, yasikutie wasiwasi. Rabi Shabbatai HaKohen, wa karne ya 17, aliamua kwamba jina la Mungu katika lugha nyingine haliingii katika katazo la kufuta, ingawa wengi hawapendi litupwe ovyo. Kwenye skrini ya kompyuta pia marabi wengi wanaruhusu kufuta, kwa sababu pale ni mwanga tu.

Siku nyingine ukifundisha, andika herufi moja tu ya Kiebrania, Hei, na alama ndogo pembeni. Wenyewe ndivyo wanavyofanya. Kinywani sema Bwana. Na kama kabatini una karatasi nyingine zenye zile herufi nne, usizichome. Zifunge pamoja, umpelekee mzee yule.