Mfuko wa kutangaza utalii: kwanza mjue atakayekataa kulipa

Wenye hoteli, mikahawa na magari ya kukodisha wakikutana kuanzisha mfuko wa kutangaza jimbo lao, mjadala huanzia kwenye kiwango cha mchango. Huko ni kuanzia mwisho. Tangazo la jimbo zima likimleta mgeni, hachagui kulala kwa aliyechanga tu. Wa dezo naye anauza. Kwa hiyo ulizaneni kwanza mtamfanyaje asiyetaka kutoa.

Jimbo la Washington nchini Marekani lilifunga ofisi yake ya utalii mwaka 2011. Wafanyabiashara waliunda umoja wao wakategemea ada na michango, na pengo halikuzibika. Sheria ilipatikana 2018: asilimia 0.2 ya kodi ya mauzo ya malazi, mikahawa na magari ya kukodi iingie kwenye akaunti maalumu, isizidi dola milioni 3 kwa miaka miwili, na kila dola 1 ya akaunti hiyo ilinganishwe na dola 2 kutoka nje ya mfuko mkuu wa serikali ya jimbo, ziwe fedha taslimu au vitu na huduma.

Hapo kwenye vitu na huduma ndipo penye mtego. Hoteli inatoa vyumba kwa waandishi wa habari msimu wa mvua, kisha inaviandika kwa bei ya Krismasi. Kubalianeni mapema: bei ni ile iliyouzwa siku hiyohiyo, na kila mchango uwe na barua yenye tarehe, idadi na sahihi. Wekeni pia kima cha chini cha fedha taslimu, maana televisheni haipokei vyumba kama malipo ya tangazo.

California ilichukua njia ya lazima, lakini kwa kura. Chini ya sheria ya 1995, biashara zinazotozwa hupiga kura kila baada ya miaka sita, na uzito wa kura hufuata kiasi unacholipa. Yenye mapato chini ya dola milioni 1 kwa mwaka husamehewa, na vivyo hivyo ambayo wasafiri wanaiingizia chini ya asilimia 8.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukueni kiwango cha mfano cha dola 1,000 kwa kila milioni: hoteli yenye mapato ya milioni 5, asilimia 60 kutoka kwa wasafiri, inatozwa kwa milioni 3, yaani dola 3,000. Kazi ipo kwenye hiyo asilimia. Mkahawa wa mjini utajuaje mlaji ni mgeni? Chagueni njia moja, kwa mfano kuuliza wateja wanatoka wapi kwa wiki moja katika kila msimu, na msiibadilishe kila mwaka, la sivyo asilimia itashuka kila tozo inapokaribia. Taarifa za mapato zipelekwe serikalini au kwa mkaguzi wa nje. Hakuna mwenye hoteli atakayemwonyesha mshindani wake daftari.

Kura ya uzito ina kasoro yake: wakubwa humeza wadogo. Dawa ni kugawa viti vya bodi kwa makundi ya biashara.

Kura ya kuongeza muda ipigwe angalau mwaka mzima kabla ya tozo kuisha, na pawe na akiba. Colorado tozo yake ya utalii ilikoma 1993 baada ya wapiga kura kuikataa; ndani ya miaka michache ikapoteza karibu asilimia 30 ya sehemu yake ya soko la wasafiri wa mapumziko wa ndani ya Marekani. Ofisi ya utalii ilirudi mwaka 2000.